Chumvi ya Mzee Isakwisa, Asali ya Devota

Devota alitafuna mara mbili, akatema kipande cha nyama jivuni, akasimama na kuuelekea ukuta.

"Kuku," alisema kwa sauti ya kufika nyumba ya tatu, "mwambie mwenyewe nyama imemwagiwa chumvi tena. Mwambie kama ana ugomvi na mimi, agombane na mimi. Nguruwe alishakufa, hana kosa."

Kuku mwenyewe alikuwa mtetea mwekundu, mkia umenyonyoka upande mmoja, na wakati huo alikuwa juu ya ukuta akijidonoa chini ya bawa. Hakumwambia mtu kitu. Upande wa pili kulisikika kikohozi, kisha sauti nzito ya mzee, tulivu, ya makusudi kabisa ya kuudhi.

"Kuku, mwambie huyo Mhehe mimi nimeanza kutia nyama chumvi yeye hajazaliwa. Ulimi wake umeharibika kwa asali. Asiniletee."

"Kuku, mwambie ulimi wangu mzima!"

"Kuku, mwambie nimemaliza."

Na kweli alikuwa amemaliza. Fimbo yake ilisikika ikigonga ardhi kuelekea kwenye kibanda cha moshi, polepole, ya mtu asiye na haraka wala wasiwasi. Devota akabaki na kisu mkononi na maneno kumi ambayo hakupata pa kuyapeleka.

Hivyo ndivyo walivyoishi pale Mbalizi, mke wa mtu na baba mkwe wake, ua mmoja uliokatwa katikati kwa tofali za kuchoma. Anayeona ni kichekesho na acheke. Wale wawili hawakuwa wakicheka. Walichukiana kwa moyo wote, asubuhi mpaka jioni, na chuki yao ilikuwa na utaratibu mzuri kuliko mapenzi ya watu wengi.

Kwa Wanyakyusa wa rika la mzee Isakwisa, mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni. Akimsikia anakuja, anapisha njia, anavuta khanga kichwani na kugeukia pembeni mpaka apite. Hatamki jina lake. Hali naye chumba kimoja wala hampi kitu mkono kwa mkono. Siku hizi wengi wameziacha habari hizo, utawakuta wamekaa kochi moja wanatazama taarifa ya habari. Mzee Isakwisa hakuziacha. Ndiyo maana Benjamini alipooa, baba yake aliujenga ule ukuta kwanza, ndipo akaruhusu sherehe.

Devota alikuwa mtu wa Kihesa, Iringa, Mkatoliki, na nyumbani kwao baba mkwe anasalimiwa "kamwene" na kuandaliwa chai, basi. Angeweza kabisa kusema mambo hayo hayamhusu. Lakini siku ile ya kwanza, bado ana gauni la harusi, alimsikia mzee akimwambia mkewe upande wa pili, "Huyu wa Iringa hatamaliza hata wiki." Ilimwingia. Tangu hapo akaishika ile desturi kwa ubishi tu, ili mtu asije akapata la kumsema. Miaka kumi na moja hakukosea hata mara moja. Uso wa baba mkwe wake aliujua kwa picha ya harusi iliyokuwa sebuleni, ambamo mzee mwenyewe alikuwa ametazama pembeni.

Mama mkwe, marehemu Marta, alipokuwa hai, ndiye aliyepeleka maneno huku na huku na kuyapunguza makali njiani. Mzee akisema, "Mwambie ana kiburi," Devota aliambiwa, "Baba anakusalimu." Devota akisema, "Mwambie amezidi," mzee aliambiwa, "Mtoto anauliza kama umeshiba." Kwa uongo huo nyumba ilisimama miaka tisa. Marta alipofariki, walibaki wao wawili, ukuta na kuku. Benjamini alikuwa dereva wa malori ya kuvuka mpaka Tunduma. Alilala nyumbani siku mbili kwa mwezi, na katika siku hizo mbili alilala kweli.

Kwenye ukuta kulikuwa na tundu la upana wa tofali nne. Devota alipika ugali wa mzee, akauweka tunduni, akakohoa, akaondoka. Mzee alikohoa, akachukua. Nyama nayo ilikuja kwa njia hiyo hiyo kutoka upande wake, imefungwa kwenye kitambaa cheupe. Kikohozi kimoja maana yake kitu kipo, viwili maana yake nimeshaondoka. Walikuwa hawajawahi kukutana hata vidole.

Na nyama yenyewe ndiyo iliyowafunga pamoja. Mbalizi kitimoto cha kukaanga utakipata kila kona, ila paja la nguruwe lililokaa chumvini siku tano na moshini siku mbili, moshi wa magunzi na kuni za mparachichi, lilitoka kwa mtu mmoja tu. Mzee Isakwisa aliujua ufundi huo tangu ujana wake, alipokuwa kibarua kwenye shamba la wazungu huko Iringa. Huko ndiko alikowajua Wahehe, na huko, alidai, ndiko alikoamua kutowapenda.

Devota naye alikuwa na ufundi wake. Kabla hajaolewa alifanya kazi mgahawani Iringa mjini, na miaka minne baada ya kuja Mbalizi aliweka meza yake pale malori yanapopumzika, akauza sandwichi ya moto. Slesi mbili za mkate, siagi kwa nje. Kwa ndani jibini pande zote mbili ili mkate usilowe, na katikati vipande vya paja vilivyokatwa vyembamba mpaka unaona kidole upande wa pili. Anaulaza mkate juu ya bapa la chuma lenye mkaa chini, na juu yake anakandamiza pasi ya mkaa ya marehemu Marta, ile ya zamani yenye jogoo mbele, makaa yanawaka ndani yake. Moto chini, moto juu. Dakika mbili jibini linachuruzika pembeni na kuungua kidogo, na mkate ukikatwa unalia.

"Kuku," mzee aliwahi kusema, "mke wangu alininyooshea mashati kwa pasi ile. Huyo ananyooshea mikate."

Vita vya chumvi vilianza mwaka mmoja kabla. Paja la kwanza lilipokuja na chumvi nyingi, Devota alidhani ni bahati mbaya. La pili alijua. Mtu aliyefanya kazi ile miaka hamsini hakosei chumvi mara mbili, na asiyekosea amekusudia. Alililoweka paja kwenye maji, akabadilisha maji mara tatu, chumvi ikabaki palepale inamtazama. Basi akachukua asali aliyoletewa na kaka yake Vitus kutoka Kilolo, asali nyeusi ya msituni, akaimwaga juu ya nyama bila kupima. Liwalo na liwe.

Wiki iliyofuata lilikuja paja lililokaa moshini kupita kiasi, chungu kama masizi ya chungu. Devota akatwanga pilipili kichaa na tangawizi, akakamua ndimu, akavuruga ndani ya asali ileile na kuipaka kwenye mkate mpaka kingoni. Nia yake ilikuwa moja: mkono wa mzee usionekane kabisa mdomoni mwa mtu.

Wateja wakapanga foleni. Dereva mmoja wa lori la mbolea, Obeid, alikula ya kwanza amesimama, akaketi kwa ajili ya ya pili.

"Mama, hii kitu inakugombeza, halafu inakubembeleza," alisema, jasho linamtoka puani. "Umejifunza wapi?"

"Kwa adui yangu," alijibu Devota, na akaifurahia ile habari kwa namna mbaya. Jioni alisimama karibu na ukuta na kumsimulia kuku kila neno la Obeid, polepole, kwa sauti.

"Kuku," lilikuja jibu, "mwambie nyama yangu si andazi."

Na visa vikaongezeka. Mzee aliacha kwenda kanisani, na Devota akajua ni jeuri ya uzeeni. Vikombe vya marehemu vilisikika vikipasuka kimoja baada ya kingine, na Devota akajua anavipiga chini kwa hasira. Alivihesabu kwa masikio, na kwa kila kimoja alimchukia upya, maana Mama Marta alivipenda. Kisha ikatokea kamba. Ilifungwa juu ya mlango wa mzee, ikavuka ua mpaka kibandani, Devota akaiona ncha yake kwa juu ya ukuta. Akajua ni ya kumchokoza, ili asije akaomba kuanika nguo upande wa pili hata siku ya mvua. Alimpigia simu Benjamini kumweleza habari ya kamba.

"Mvumilie mzee," alisema Benjamini, na injini ikinguruma nyuma yake. "Si unamjua."

"Simjui! Sijawahi kumwona!"

"Basi mvumilie hivyohivyo."

Kisha akaja Mama Sifaeli, mwenyekiti wa akina mama kanisani, mwanamke mwenye miwani ya kamba na mdomo usiosamehe. Alikula sandwichi nzima, akajifuta vidole kimoja kimoja. Alisema kuna mkutano wa akina mama wa mkoa, Jumamosi ya wiki ijayo, watu mia na hamsini. Alisema pia kwamba jiko la ukumbi linatafuta mtu wa kudumu. Jiko lenye paa, bomba ndani, na mlango wa kufunga.

Devota alikuwa na miaka saba kwenye vumbi la malori. Mvua ikinyesha alikuwa akiushika mwavuli kwa mkono mmoja na pasi kwa mwingine.

"Asali yako nimeipenda," alisema Mama Sifaeli. "Pilipili nimeipenda. Ila chini ya hapo kuna chumvi unaificha, mwanangu, mimi si dereva wa lori. Jumamosi hiyo nikiionja chumvi ile, mikate nakurudishia na masinia yake, na jiko nampa mtu mwingine."

Sasa tunarudi kwenye ile asubuhi ya kutema jivuni, maana ilikuwa siku ya pili yake. Tunduni kulikuwa na vifurushi viwili vya nyama ya wiki hiyo. Cha kwanza kilikuwa kile cha chumvi tupu. Baada ya kujibizana na kuku, Devota alifungua cha pili.

Kabla kitambaa hakijafunguka vizuri, harufu ilimrudisha nyuma. Paja lile halikuwa limeonja hata punje moja ya chumvi. Lilikuwa limepakwa moshi kwa juu, na ndani, kwenye mfupa, limeoza limekuwa la kijani. Devota aliyatazama yale mapaja mawili, moja lililotiwa chumvi ya mawili na jingine lisilotiwa kabisa. Huko nyuma mzee alikuwa akimharibia ladha. Hii sasa ilikuwa sumu. Angewalisha watu nyama ile, angetafutwa na polisi.

Na wakati huohuo, upande wa pili, akasikia kishindo cha nyama ikitupwa juu ya meza. Kimoja, viwili, sita. Muuza nyama alikuwa ameleta mapaja ya Jumamosi, ya Mama Sifaeli, na mzee alikuwa anaanza kuyatia chumvi.

Ukuta ule haukuwa na mlango. Ili kufika upande wa pili ilibidi utoke kwa lango la mbele, uzunguke uchochoro, uingie kwa nyuma penye choo. Devota alizunguka. Hakukohoa. Hakuvuta khanga kichwani. Vidole vyake vilikuwa na asali na hakuvinawa. Njiani aliyapanga maneno, ya miaka kumi na moja, tangu lile la wiki moja mpaka la pasi, na alikusudia kuyasema yote usoni kwake, yeye mwenyewe, bila kuku.

Aliingia uani, akasimama hatua tatu mbele ya meza, akafungua mdomo.

Mzee Isakwisa alikuwa amemwelekea kabisa. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Shati lake lilikuwa limefungwa vifungo mshazari, mguu mmoja una ndala ya bluu na mwingine nyekundu. Hakushtuka, hakujifunika, hakugeuka. Alikuwa anamtazama Devota katikati ya uso, na macho yote mawili yalikuwa meupe.

Devota aliinua macho.

Ile kamba ilipita juu ya kichwa cha mzee, kutoka mlangoni mpaka kibandani, kwa urefu wa mkono ulioinuliwa, na katikati ilikuwa imechakaa na kuwa nyeusi kwa kushikwa. Chini ya kizingiti kulikuwa na vipande vya vikombe vya Mama Marta, vimekusanywa vizuri ndani ya sufuria, hata vile vidogo vya kuokotwa kwa kucha.

Mzee alichota chumvi kwa kiganja. Aliipaka kwenye paja la kwanza, akaisugua kwenye ngozi na pembeni mwa mfupa, kazi safi ya fundi. Alipomaliza akalisukuma kushoto, likagonga nguzo ya kibanda na kurudi taratibu palepale lilipokuwa. Mkono wake ukapapasa meza, ukalikuta, ukachota chumvi tena. Vidole vile vilikuwa vimeungua na kufa ganzi kwa miaka hamsini ya moto na chumvi, havikuhisi tena paja lipi limetiwa chumvi na lipi bado. Akalisugua paja lilelile mara ya pili, kwa uangalifu uleule. Mapaja matano mengine yalikuwa yamekaa wazi, inzi juu yake.

Nisiseme uongo kwamba hasira ilimtoka Devota. Haikumtoka, ilikosa tu pa kwenda. Alimkasirikia kwa kutosema, kisha akajiuliza angemwambia nani. Benjamini akija anamkuta ameketi mlangoni, na anaondoka amemwacha ameketi. Majirani wanamsalimu kutoka barabarani naye anawaitikia kwa majina, maana sauti anazijua. Mtu mmoja tu aliishi karibu naye kiasi cha kuona, na mtu huyo mwaka mzima alikuwa akiyahesabu makosa yake kwa masikio na kuyaita vita. Devota aliona aibu, aibu ya kutoa jasho mgongoni. Alikuwa ameuficha uso wake miaka yote ile kwa ufundi mkubwa, na mwaka wa mwisho alikuwa akimficha uso mtu asiyeona.

Mkono wa mzee ulisimama juu ya bakuli. Pua yake ikacheza.

"Kuku..." alianza.

Kuku akalia kutoka upande wa pili wa ukuta, kule kwa Devota, alikokuwa akichakura majivu. Wote wawili walimsikia. Mzee alifunga mdomo. Harufu ya asali ya Kilolo ilikuwa mezani kwake, kuku alikuwa kule, na hapakuwa na mtu wa kupitishia neno.

Kisha mzee, polepole, aligeuza uso wake akauelekeza ukutani, kama inavyompasa mwanamume mbele ya mke wa mwanawe. Mikono yake ikabaki mezani. Na Devota, ambaye hakuwa na sababu yoyote duniani ya kufanya hivyo, alivuta khanga kichwani akaishusha mpaka juu ya nyusi, akainamisha macho.

Halafu akaliondoa lile paja la chumvi mbili, akalipangusa kwa kitambaa na kuliweka upande wa kushoto, ng'ambo ya nguzo. Akasukuma la pili chini ya mikono ya mzee. Mikono ilingoja kidogo. Kisha ikachota chumvi.

Walifanya mapaja yote sita hivyo. Mzee alisugua akiwa amempa Devota kisogo nusu, Devota akasogeza, akafukuza inzi. Mara moja tu, kwenye la nne, kiganja kilijaa kupita kiasi, Devota akakigonga kwa mpini wa kisu kilichokuwa mezani. Chumvi ya ziada ikarudi bakulini. La sita lilipofika kushoto, mzee alisema na ukuta, kwa sauti yake ileile ya kuudhi:

"Mwe bandu! Enyi watu! Kuna watu wakiingia kwa watu hawajui kuondoka."

Devota aliondoka. Alizunguka uchochoro wote, akafika kwake, akasimama karibu na tundu na kukohoa mara mbili. Kuku akaruka juu ya ukuta.

"Kuku," alisema Devota, "mwambie mwenyewe paja la tano chumvi ilikuwa kiduchu."

Alisikia fimbo, kisha mkono ukipita kwenye kamba.

"Kuku," alisema mzee Isakwisa, "mwambie hajui kitu."

Jumamosi ile Mama Sifaeli alionja akiwa amesimama, akatafuta chumvi chini ya asali na chini ya pilipili, hakuiona. Alikula mpaka ganda la pembeni. Aliuliza nyama ile imetengenezwa na nani.

"Na mkwe wangu," alisema Devota. "Mtu jeuri sijapata kuona."

Funguo za jiko la ukumbi alipewa siku hiyohiyo. Alifungua bomba, akayatazama maji yakitoka, akalifunga. Jioni aliweka sandwichi moja tunduni, ya moto, ndani ya sinia dogo, akakohoa na kuondoka. Kabla ya hapo hakuwahi kumpa hata siku moja. Asubuhi sinia lilikuwa limerudi, na juu yake hapakuwa na chembe.

Benjamini alipopiga simu kuuliza hali ya mzee, Devota alijibu, "Jeuri vilevile." Habari ya macho hakuisema siku hiyo. Ilikuwa ya mzee, na mzee alikuwa hajamruhusu.

Jumatatu muuza nyama alileta mapaja mengine. Devota aliposikia kishindo mezani, alinawa mikono, akavuta khanga mpaka juu ya nyusi, akamkamata kuku na kumtia kwapani. Akazunguka uchochoro. Kabla ya kuingia alikohoa, na mzee akageukia ukutani. Devota akamweka kuku mwisho wa meza.

"Kuku," alisema mzee, mkono wake ukitafuta bakuli, "ule mkate wa juzi uliwekwa asali ya kuogeshea mtoto. Na pilipili ilikuwa ya kitoto."

"Kuku, mwambie mbona sinia lilirudi tupu."

"Kuku, mwambie nilimpa mbwa."

"Kuku, mwambie hana mbwa."

Kuku alichoka nao mapema. Alishuka mezani, akavuka ua akitingisha ule mkia wake wa upande mmoja, na kucha zake zikasikika zikiishia uchochoroni. Mzee aliinua kichwa kidogo, akasikiliza mpaka zikapotea. Devota naye alisikiliza.

"Kuku," alisema mzee Isakwisa, uso ukutani, viganja wazi, "mwambie la tatu bado."

Devota akamsogezea la tatu.